Mboga za Tongo

Mpaka leo nikiona mnanaha umeota kando ya zizi, na yale maua yake meupe marefu, namwita yeyote aliye karibu aje aung'oe. Mimi siugusi. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi anaogopa magugu. Wacheke tu.

Niliolewa Samuye miaka michache baada ya vita kubwa kwisha. Mume wangu alinikuta kwetu, upande wa Geita, alikokuja kuchimba dhahabu. Akanioa, akanipeleka kwao, akakaa wiki mbili, akarudi zake mgodini. Nikabaki na baba mkwe, mama mkwe na wifi yangu mmoja ambaye alikuwa hajaolewa. Mimi Mzinza, wao Wasukuma, na Kisukuma changu kilikuwa cha kuokoteza. Wifi alinicheka kila nikifungua mdomo, nami nilimnunia siku nzima. Sikuwa mwali mpole.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mwali huwapikia wakwe, lakini hali chakula cha chungu chao mpaka siku mama mkwe atakapomlisha tonge la kwanza kwa mkono wake, mbele ya watu. Kabla ya hapo anapika, anatenga, kisha anarudi kibandani kwake kula viazi vyake. Miezi minne ilikuwa imepita na mimi sijalishwa. Niliona mama mkwe ananionea, na nilikuwa na kinyongo naye.

Siku hiyo mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Mama mkwe alikwenda mwenyewe asubuhi kwenye tongo, mahali palipokuwa na mji wa zamani wa ukoo wao kabla hawajahama. Pale palikuwa na zizi, na samadi ya miaka mingi imelala chini, kwa hiyo mchicha pori huota mnene kuliko kwingine kote. Wanawake wa pale mvua zikianza hukimbilia huko. Alirudi na kikapu, akakaa mlangoni akazikatakata mboga mwenyewe, akanikabidhi ungo bila neno. Wifi alikuwa kisimani, baba mkwe machungani. Nikazibandika. Zilipochemka nilisikia harufu mbaya, kama ya panya. Nilipaswa kuuliza. Lakini mwali anayeuliza mboga za mama mkwe zina nini anatafuta maneno, basi nikaongeza karanga za kutwanga, harufu ikapungua, nikatenga.

Walikula wote watatu.

Aliyeanza ni wifi. Aliomba maji, akanywa, akasema mdomo bado mkavu, akanywa tena, akashindwa kumeza. Kisha akaanza kucheka peke yake. Nilitoka kumwita baba mkwe, mzee ambaye sijawahi kumwona akiharakisha hata hatua, nikamkuta amepiga magoti anazima kwa kofia yake moto usiokuwepo. Na mama mkwe alikuwa amechuchumaa katikati ya ua anakamua ng'ombe ambaye mimi simwoni, vidole vinavuta hewa, vinaachia, vinavuta tena. Niliwagusa. Ngozi zao zilikuwa kavu, hazina jasho, na moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Macho yao yalikuwa meusi tupu, mboni imejaa jicho zima. Nikapiga yowe.

Majirani walikuja. Baba mdogo naye akaja, ndugu yake baba mkwe. Aliwatazama wale watatu mmoja mmoja, halafu akanigeukia.

"Mbona wewe mzima?"

Nilimwambia sijala kwa sababu sijalishwa. Desturi ni ya kwao, aliijua kuliko mimi, lakini alitikisa kichwa kana kwamba nimekiri. Wanaume wawili wakaketi mlangoni kwangu na mapanga yao magotini. Nilikuwa nimesikia habari za wanawake walioambiwa wachawi katika nchi ile, wengi wao vikongwe wenye macho mekundu. Sikudhani kwamba huanza kwa kimya kama kile.

Jirani mmoja alikuwa amekimbilia zahanati, akarudi na dresa, mfunga vidonda wa pale, mtu wa pwani aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya mgodi. Dresa hakuuliza nani kafanya nini. Aliwafumba macho kwa kiganja, akawafumbua kwenye jua, na mboni hazikusinyaa hata kidogo. Akauliza walikula nini. Kisha akainama mlangoni kwa mama mkwe, akachambua takataka za mboga, akaokota shina lenye jani lililobaki, kingo zake zimechongoka. Aliagiza wafunikwe nguo mbichi, wafungwe mikono kwa kanga wasijiumize, wapewe maji tone kwa tone. Halafu akaona yale mapanga.

Nadhani ni kwa ajili ya mapanga ndipo akafanya alichofanya. Aliwaomba wanawake wampatie mkojo wa wifi, ukapatikana kwa taabu kwa sababu kibofu nacho kilikuwa kimegoma. Akaagiza paka wa nyumbani akamatwe, akamdondoshea tone moja katika jicho la kulia. Tukakaa. Baada ya muda akamgeuza paka kwenye jua mbele ya wanaume wote. Jicho la kushoto mboni ilikuwa nyembamba kama uzi. La kulia lilikuwa jeusi lote, duara, kama macho ya wale watatu. Watu walirudi nyuma. Mimi mwenyewe mwili ulinisisimka, na hata leo nikisimulia unanisisimka.

Akatueleza taratibu. Lile jani ni la mnanaha, na mnanaha una sumu ya aina wanayoiita alkaloidi, na hospitali ya mgodi walikuwa na dawa iliyotoka katika mimea ya jamii hiyo, kichupa kidogo cha kahawia kiitwacho atropini, daktari akitia tone moja jichoni ili mboni ifunguke aone ndani. Mishipa ya fahamu, alisema, hupeleka ujumbe kwa kitu cha majimaji, na sumu hii inakalia kiti cha mpokeaji. Ujumbe unafika, haupokelewi. Mate hayatoki, jasho halitoki, mwili unachemka, moyo unakimbia bila wa kuuzuia, na akili inaona yasiyokuwepo. Kupika hakusaidii, moto wa jikoni hauivunji. Na waliokula hawatakumbuka.

Kumbe si uchawi, nimepona. Ndipo baba mdogo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi ni sumu. Na aliyepika tunamjua."

Kilichoniokoa ndicho kilichonikamata.

Siku ya nne wote watatu walikuwa wazima, wamechoka tu. Tukaitwa langoni mwa zizi. Nikasema mboga hazikuchumwa na mimi, zililetwa na mama. Wakamgeukia mama mkwe, na mimi nikamtazama kwa matumaini yote niliyokuwa nayo.

"Sikumbuki," alisema.

Wanaume wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa dresa alishasema hivyo. Wakakubaliana kuamua kesho yake. Wengine walisema nirudishwe kwetu. Mmoja alisema kuna wanawake hawarudishwi.

Mchana dresa alikuja kuwapima. Nikamfuata kwenye baiskeli yake nikamuuliza kama sumu ile inaweza kumsahaulisha mtu aliyoyafanya asubuhi kabla ya kula.

"Inafuta kuanzia inapoingia mwilini, dada," alisema. "Ya asubuhi haiyagusi."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, sikubisha hodi wala kuamkia. Nikamwambia anakumbuka. Aliniinulia uso. Macho yake yalikuwa mekundu kama siku zote, mekundu kwa miaka ya moshi wa mavi ya ng'ombe anayopikia.

"Sioni, mwanangu," alisema. "Tangu mavuno yaliyopita nachuma kwa vidole. Bibi kizee mwenye macho haya, asiyeona, aliyewalisha watu wake sumu. Unajua watamwita nani? Wewe watakufukuza. Mimi watanikata."

Nilikuwa na hasira ya kunitosha na kubaki. Nilitoka nje, na usiku ule sikulala.

Kulipokucha nikasimama langoni nikasema nimechuma mimi. Mimi mgeni, jani silijui, jana niliogopa nikadanganya. Dresa, aliyekuwa amekuja mapema, akathibitisha kwamba mnanaha mchanga huwapotosha hata wenyeji. Baba mdogo akafungua mdomo aseme. Kabla hajasema, mama mkwe akamtuma wifi alete ugali na mboga.

Aliketi mbele yangu, mbele yao wote. Akamega tonge, akalichovya, akaunyosha mkono. Ulikuwa unakwenda shavuni kwangu. Nikaona hatanipata, na kwamba watu wote wale watamwona hanioni. Nikasogeza uso, nikaupeleka mdomo wangu mahali mkono ulipokuwa, nikala.