Orodha Aliyoichemsha na Sindano

Tulimzika mwezi uliopita. Padri akasimama kando ya kaburi akasema marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, mtu asiyeinua sauti. Nilikuwa na mtoto mgongoni, nikauma ulimi. Mpole? Nimesoma kwa masista mpaka sekondari, maana ya neno hilo naijua, na halikuwa lake. Ndiyo maana naandika.

Alikuwa muuguzi wa akina mama na watoto hapa Gisenyi, binti wa wakulima wa Nyakiriba. Sisi tulimwita Mama Munganga. Alikwenda kwa miguu mpaka Rugerero, mpaka Nyamyumba, kutafuta wajawazito. Akimkuta mwenye mimba ya miezi minane anabebeshwa mawe ya barabara, alimpokonya kikapu, akakipeleka mwenyewe kwa sushefu, yule mkuu wa mlima, akakimwaga mlangoni pake. "Beba wewe." Huyo ndiye mpole wao.

Kila Alhamisi tulipeleka watoto dispanseri wapimwe uzito. Asubuhi aliita majina, na asiyekuwepo aliandikwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba orodha hiyo iwepo, ili ajue nyumba gani aende kumtazama mtoto. Na kwa kuwa huku hupati nyumba ya mtu kwa jina la mtoto, aliandika jina la baba na jina la mlima. Aliandika kwa mwandiko wa shule, safi, ukiisoma huwezi kupotea njia. Mchana polisi wa sushefu aliichukua. Mama Munganga aliambiwa inakwenda kwa daktari, na yeye akaamini.

Alhamisi ninayoisema mimi nilichelewa. Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa amepasuliwa ngiri siku tano kabla, na nilianzia hospitali kumlisha uji. Nilipofika, majina yalikuwa yameshaitwa. Mbele ya mizani alisimama mke wa mvuvi wa Nyamyumba, mtoto mkononi, hataki kumvua nguo.

"Bwana yangu hawezi kukaa," alisema. "Fimbo munane. Juu mi nilikosa kuja wiki ile ingine."

"Nani alipatia sushefu jina yake?" Mama Munganga akauliza.

"We. Karani alisoma karatasi mbele ya watu wote. Maandishi yako iko muzuri sana, Mama."

Mama Munganga alishika ukingo wa meza. Kiboko kilishakatazwa na serikali ya Wazungu, ndivyo tulivyosomewa, ila milimani hakuna aliyekiambia kiboko chenyewe. Nilisogea mezani nikaitazama karatasi ya siku hiyo. Jina la mume wangu lilikuwa mstari wa tatu. Kulazwa kifudifudi, fimbo nane, na tumbo lenye nyuzi mbichi: mtoto wa darasa la kwanza angejua nini kitamwagika chini.

"Nifute," nilimwambia. "Mama, nakuomba, nifute."

"Na hawa wengine kumi na mmoja?"

Kabla sijajibu polisi akaingia, kiboko kwapani.

"Bon. Karatasi."

Mama Munganga aliichukua ile karatasi, akaitumbukiza katika sufuria ya sindano iliyokuwa ikichemka juu ya makaa. Akaikoroga kwa koleo. Maji yakawa ya bluu.

"Yewe!" Polisi alicheka kabisa. "Unapika supu gani leo?"

"Supu ya sushefu. Leta sahani."

Polisi akampiga kiboko usoni. Mlio wake ulikuwa kama wa nguo mbichi ikipigwa juu ya jiwe. Jicho la kushoto lilijaa damu palepale. Mama Munganga hakulia. Alichukua jiwe la chuma la mizani akampiga nalo mdomoni, na jino likaruka mpaka miguuni pangu.

Tukamwangukia. Sitasema walikuwa wengine, nilikuwa mimi. Niliung'ata mkono ulioshika kiboko mpaka nikaonja chumvi, mwanangu mgongoni akipiga kelele. Mke wa mvuvi alimpa jirani mtoto wake, kisha akamkalia polisi kifuani. Wengine walitumia visigino, wengine beseni. Tulimpigia wanaume wetu wote. Sijutii hata kisigino kimoja.

"Basi!" Mama Munganga alipaza sauti. "Atanifia hapa, na mi ndo nitasafisha!"

Alimshona mdomo kwa mikono yake, kitambaa kikiwa juu ya jicho lake. Dawa ya ganzi ilikuwa kabatini, niliiona. Hakuifungua.

"Taja majina ya waliokupiga, yale unayokumbuka," alimwambia, akivuta uzi.

Yule bwana hakukumbuka hata moja. Na kwa sushefu alisema ameanguka kwenye mawe, maana ni polisi gani atakayekiri amepigwa na wanawake wenye watoto mgongoni?

Jicho la Mama Munganga halikupona. Sushefu alipomwita aandike orodha upya, alifunua kitambaa akamwonyesha shimo. "Kwa hili siwezi kuandika." Alisema hivyo kila wiki, na jicho la pili lilikuwa zima kabisa.

Mume wangu alitoroka hospitali tukamficha chumba cha nyuma, kwa hofu. Mama Munganga alikuja kumtoa nyuzi. Mume wangu akaanza kumshukuru, machozi yakimtoka.

"Nyamaza, baba. Ukilia tumbo inacheza, nitakata nyama."

Alipomaliza akanigeukia mimi kwa lile jicho moja. "Na huyu mutoto? Alhamisi mbili hajapimwa."

"Mama, naogopa kule."

"We unaogopa!" Alinifokea mpaka majirani wakasimama uani. "Mi nimetoa jicho, na we unaniletea woga? Mulete!"

Nikampeleka.