Niliwaambia Gari Lina Waranti

Nilidanganya. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na mengine nitazunguka mpaka unionee huruma, na huruma yako siitaki.

Niliwaambia ndugu zangu kwamba gari lina waranti. Halikuwa nayo. Leo nikiingia ndani mama yangu hanioni, ananitambua kwa mlio wa viatu. Nilidhani nikiandika haya nitalia. Silii. Naandika tu.

Sikia ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Iringa, nauza pembejeo mjini, ni wa mwisho kwa mama. Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima kabla hatujajua hata ugonjwa wenyewe unaitwaje. Lilibaki la kulia, na kliniki yake ikawa Mbeya. Kila baada ya miezi kadhaa tunapanda basi, mama amejifunika kanga kichwani kwa sababu mwanga unamuumiza.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyesema tuchangishane tumnunulie mama gari la kliniki. Wakati huo alikuwa anafanya kazi Dodoma. Akasema liwe haibridi, lile la petroli na betri, linakula mafuta kidogo na safari ni ndefu. Kazi ya kulitafuta nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa na mama na ndiye mwenye leseni.

"Mdogo wangu, mimi magari siyajui," aliniambia kwenye simu. "Ila hiyo betri yake kubwa nasikia ikifa ni msiba. Chukua lenye waranti, na hao wenye waranti wawe karibu, siyo mpaka tuwafuate Dar. Urembo baadaye."

"Sawa dada."

Nikaenda Mbeya, kwenye yadi moja. Walikuwa nalo. Jeupe, bampa ya nyuma imekwaruzwa, redio ya kawaida. Fundi wao, dada mmoja ndani ya ovaroli, akanifungulia mlango wa nyuma na kunionyesha matundu madogo ubavuni mwa kiti.

"Kaka, betri kubwa iko chini ya kiti hiki. Hapa ndipo inapopumulia. Usipazibe kwa kava wala kwa mizigo, itachemka. Waranti ya betri tunakupa mwaka mzima, mradi huduma zote ufanye kwetu. Na Iringa tuna fundi wetu, huna haja ya kuja mpaka huku."

Mwaka mzima, na fundi Iringa kwetu! Kila alichotaka dada kilikuwa pale.

Unajua kwa nini sikulichukua? Bampa. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana. Niliona aibu kuingia mtaani na gari lenye mkwaruzo.

Wakati wa kurudi nikapitia Mafinga kwa mfanyabiashara mmoja wa mbao aliyekuwa anauza lake. Haibridi vilevile, rangi ya lulu, rimu za spoti, skrini kubwa. Nikakaa kwenye usukani nikajiona mtu. Nikamsimulia habari za yadi na waranti yao, akacheka.

"Bro, gari si hili unaliona? Waranti ya nini?"

Akatoa karatasi imeandikwa kwamba gari linauzwa kama lilivyo, bila dhamana yoyote. Nikasaini juu ya boneti.

Jioni dada akapiga. "Waranti ipo?"

"Ipo."

Neno moja tu. Nilijiambia betri ikidumu, nani atajua?

Wiki hiyohiyo nikalipeleka kwa mshona kava. Kava nene, nyekundu na nyeusi, zikapita mpaka ubavuni na kufunika matundu yake, yaleyale kama ya gari la Mbeya. Maneno ya yule fundi niliyakumbuka vizuri. Nikasema yale yalikuwa ya gari lao.

Halafu mchele. Wewe kama ni wa huku unajua: ukisema tu unakwenda Mbeya, mtaa mzima unakuagiza mchele. "Si unapita Chimala? Tubebee." Majirani, watu wa jumuiya, kwaya. Mama alikuwa hapendi kumnyima mtu. Yeye anakaa mbele, nyuma napanga magunia juu ya kiti mpaka dirishani. Watu walitusifu. Gari la baraka, walisema.

Baada ya muda kikaanza kuvuma kitu nyuma. Mama ndiye aliyekisikia kwanza.

"Mwanangu, nini kinalia huko?"

"Feni mama. Magari ya kisasa ndivyo yalivyo."

Kisha taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Nikazima gari, nikawasha, ikapotea. Siku nyingine ikarudi, nikafanya vilevile. Yule fundi wa Iringa nilijua gereji yake. Nilipita pale mara mbili, nikapunguza mwendo, nikaendelea na safari. Ningemwambia nini? Kwamba gari lenu nimeliacha, sasa nitibieni hili?

Ikaja siku yenyewe. Daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja Mbeya kwa siku chache kufanya upasuaji, na jina la mama lilipangwa siku ya mwisho. Tuwe tumefika kabla ya saa sita mchana.

"Twende na basi," mama akasema. "Hilo gari linavuma."

Nikakataa. Nikamwambia gari lilinunuliwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Mama alikaa nyuma ili ajinyooshe, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali nikamfunika blanketi zito, likashuka mpaka pale kwenye matundu. Tukapita Makambako vizuri. Tulipoivuka Igawa kidogo taa zote zikawaka kwa pamoja, gari likaishiwa nguvu, nikaliegesha pembeni likiwa limekufa. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Muda ulikuwepo. Naomba ulikumbuke hilo.

Nikaletewa fundi kwa bodaboda kutoka Igawa. Akafungua, akaona nyaya nene za rangi ya machungwa, akarudi nyuma.

"Kaka, mimi ni wa malori. Hizi nyaya sikudanganyi, sizigusi, zinaua. Mpigie aliyekuuzia."

Nikampigia yule wa Mafinga. Malori yalikuwa yanapita kwa kelele, nikaweka simu kwenye spika.

"Ulisaini kama lilivyo," akasema. "Si ulinisimulia mwenyewe kwamba waranti umeiacha Mbeya? Mimi nifanyeje?" Akakata.

Saa tatu na kitu likapita basi tulilozoea kupanda. Mama akateremsha kioo.

"Lisimamishe."

"Subiri kidogo mama, linapoa. Litawaka sasa hivi."

Likapita. Likaja la pili, mama akaniambia tena. La tatu hakuniambia, alilisikiliza tu likienda. Mimi nilikuwa nawaza nani atalinda zile rimu. Jamani! Mama yangu ana jicho moja, na mimi nawaza rimu!

Lilikuja kuwaka saa saba. Tukaenda nalo kwa kujikokota, tukafika Mbeya jioni. Nesi alikuwa anakunja mashuka.

"Pole sana mama. Daktari ameshaondoka."

Nafasi nyingine ilipatikana miezi minne baadaye. Tulikwenda kwa basi. Wakapima, wakapima tena, wakatuambia mshipa wa jicho umekufa, upasuaji hautarudisha kitu. Mama akauliza kama anaweza kuendelea kulima bustani yake.

Dada aliacha kazi Dodoma akarudi nyumbani kumhudumia mama. Kila wiki ananiuliza, "Hao wenye waranti wamesemaje?" Na mimi najibu, "Wanashughulikia." Gari liko uani chini ya turubai. Kuku wanalala chini yake.

Ndani yangu hakuna kitu. Nakula, naenda dukani, nawapimia watu mbegu, narudi. Hata hasira sina.

Juzi nilimkuta mama peke yake uani, anachambua maharage kwa vidole. Nikakaa karibu yake. Nikasema, "Mama, nina neno kuhusu gari."

"La ile karatasi ya Mafinga?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilisikia siku ile barabarani. Simu ilikuwa inapiga kelele mpaka kwa wenye malori." Akaokota kijiwe kutoka kwenye maharage akakitupa.

"Mbona hukumwambia dada?"

"Hilo si langu. Aliyemwambia ipo ni wewe."

Akaendelea na maharage yake.

Kwa hiyo wewe unayetafuta haibridi iliyotumika, kabla hujaangalia rangi uliza ni nani atakayeifungua ile betri ikigoma, yuko mji gani, na amekuandikia nini kwenye karatasi. Kama jibu ni hakuna, rudi nyumbani kwa basi. Na ukiulizwa na ndugu zako, waambie kweli siku hiyohiyo, ingali ndogo.

Jina langu sijaandika, lakini dada yangu atanijua. Siku hizi ndiye anayemsomea mama ukurasa huu wa barua gazetini, kila Jumapili wakitoka ibadani.

Dada, najua umefika hapa na umeacha kusoma kwa sauti. Mama ameshajua zamani, alikuwa ananisubiri mimi. Hakuna anayeshughulikia kitu. Uliniuliza kama waranti ipo. Haikuwepo, dada.