Beatrisi na Kumbikumbi wa Mama

Enzi zetu hapa Kakamega, miaka ya tisini, mvua ikinyesha usiku na jua likiwaka asubuhi, hakuna mtoto aliyeulizwa anataka kula nini. Kumbikumbi! Mama alikuwa anawakaanga kwenye chungu bila mafuta, maana wana mafuta yao, halafu anapepeta mbawa kwa uteo, na harufu inaita majirani kabla hawajaitwa. Wewe wa rika langu, najua mate yamekujaa.

Siku moja nikawabeba shuleni na ugali baridi, nimefunga kwa jani la ndizi. Nilikuwa darasa la nne. Kando yangu alikaa Beatrisi, ambaye wazazi wake walikuwa wametoka tu kuhamia kwetu kutoka Nairobi. Nilipofungua jani, akaruka kama amekanyaga siafu.

"Yaki!" akasema, ameziba pua. "Unakula wadudu!"

Neno lilikuwa geni kwetu, lakini uso wake ulilieleza vizuri kuliko mwalimu. Kufika jioni shule nzima inalo. Wenzangu, ambao kwao walikula kumbikumbi hao hao, wakanibandika jina. "Yaki, sogea huko!" "Yaki, usishike kamba yetu!" Na mimi kuruka kamba ndiyo ilikuwa raha yangu duniani. Asubuhi nikamwambia mama siendi shule tena.

Hakunibembeleza. "Hiyo yaki ndiyo nini?"

"Ni Kizungu. Ni kusema kitu ni kichafu mpaka unataka kutapika."

"Alionja?"

"Hapana."

"Sasa atatapika nini na hajala? Enda shule. Jumamosi mwambie aje tupige kichuguu. Na hao wengine waje."

Kuna kumbikumbi wa kupigiwa. Mnafunika kichuguu kwa blanketi kuukuu na majani ya ndizi kuwe giza, mnachimba kashimo pembeni, mnaketi mkigonga ubao kwa vijiti mpaka wadudu wadhani ni mvua. Wanatoka mchana kweupe! Kichuguu hicho kilikuwa cha boma letu, na hapo mtu haketi bila kuitwa. Kwa hivyo wenzangu walikuja mbio, jina la Yaki wakaliacha njiani. Beatrisi akaja nyuma yao na soksi nyeupe.

Mama akampa vijiti yeye, kwa kuwa ni mgeni. "Piga, mukhana wanje, binti yangu. Usilale."

Msichana akapiga mpaka jasho likamtoka. Wa kwanza walipochungulia, akacheka kwa sauti. Lakini kwetu anayepiga ndiye huonja kwanza, wakiwa hai hivyo hivyo, na wengine wangoje. Tukamkodolea macho. Nilijua akisema lile neno lake hapa, mbele ya mama na wote hao, mimi na shule basi.

Akafumba macho. Akatia mmoja mdomoni, akatafuna. Halafu mkono ukarudi shimoni, ukarudi tena.

"Wewe! Wachia wengine!" mama akamfokea kama anavyonifokea mimi, na watoto wote wakacheka.

Jumatatu ni Beatrisi mwenyewe aliyeniita kwenye kamba. Shule niliiachia darasa la sita kwa shida zingine, lakini kusoma barua na Biblia ninaweza, na namshukuru mama aliyenirudisha siku hiyo. Hakwenda kugombana na mama yake Beatrisi. Leo mzazi angekimbilia grupu la WhatsApp, waandikiane matusi mpaka simu ziishe chaji.

Kichuguu kililimwa, miwa ikapandwa juu yake. Kumbikumbi sasa nanunua sokoni Khayega, wamepimwa kwa kikombe. Wajukuu wangu, warembo hao kama nini, wakiona sahani yangu wanasema yaki, na mkononi wameshika soseji wasiyojua ilikuwa mnyama gani. Siwagombezi. Ningewapa vijiti, lakini sina mahali pa kuwaketisha.