Gia ya Pili na Mama Mkwe

Kabla ya saa mbili asubuhi, gari langu halikuwa na gia ya pili. Ya kwanza ilikuwapo, ya tatu ilikuwapo, ya nyuma ilikuwapo hata usipoitaka, lakini ya pili ilikuwa na saa zake za kazi. Ukiivuta mapema ilikukatalia kwa sauti ya kusaga kokoto, na mkono mzima ukabaki unatetemeka. Jua likishapanda na gari likishatembea kidogo, iliingia bila kinyongo, nami nikayasahau yote hadi kesho yake.

Mimi nauza magodoro mjini Malindi na duka langu hufunguliwa saa tatu, kwa hivyo jambo hilo halikunikosesha usingizi. Watu wa bara hucheka wakisikia kwamba gari linaweza kushikwa na baridi huku kwetu. Hao hawajaamka mtaa wa Barani mwezi wa Julai, wakati wa upepo wa kusi, watu wanapofukua masweta waliyonunua kwa ajili ya safari ya Nairobi.

Mwezi huo ndio mama mkwe aliletwa kwetu kutoka Takaungu. Alikuwa na sukari, na mguuni alikuwa na kidonda ambacho daktari alitaka kisafishwe na kufungwa upya kila siku kwa wiki mbili, bila kuruka hata siku moja. Akiruka, alisema daktari, mguu wenyewe utakuwa mashakani. Wagonjwa wa vidonda walitakiwa kufika hospitali saa moja asubuhi. Tuktuki hakuitaka kwa sababu ilimrusharusha, lakini kiti cha nyuma cha gari langu kilitosha kuunyoosha mguu. Basi tukaafikiana: kila siku saa kumi na mbili na nusu, yeye nyuma, mke wangu mbele kando yangu, na mimi kwenye usukani na gia zangu pungufu.

Hapa lazima nieleze haya ya ukwe. Mama mkwe na mimi tulikuwa hatuzungumzi. Si kwamba tuligombana. Tuliheshimiana mno, hilo ndilo lililotuponza. Dini haikutukataza, maana kidini yeye ni mama yangu. Ilikuwa ni haya tu, ya kwao na ya kwetu, iliyoanza siku ya harusi na hakuna aliyeipangia mwisho. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba akitazama mlango, na mazungumzo yetu yakaishia hapo kwa siku hiyo. Yaliyobaki yalipitia kwa mke wangu. Miaka kumi na minane mambo yalikwenda hivyo bila shida, kwa sababu tulikutana Idi na matangani tu. Sasa tulikuwa ndani ya gari moja dogo, na masikio yetu sote yalikuwa mazima.

Siku ya kwanza, Jumapili, nilipunguza mwendo kwenye tuta lililo karibu na nyumba yetu nikavuta gia ya pili. Gari lilisaga, likaruka, likasimama. Nyuma nilisikia pumzi ikivutwa kwa meno.

"Muulize mumeo," alisema mama mkwe, "kama hili gari nalo laenda hospitali."

Mke wangu akanigeukia. "Mama auliza kama umeamka salama."

Nilimwambia amwambie mama ni baridi. Akamwambia ni baridi. Mama mkwe akamwambia mke wangu kwamba yeye ana miaka sabini, ameamka na baridi iyo hiyo, na ametoka. Mke wangu akaniambia mama asema pole.

Niliposema ni baridi sikusema uongo, nilisema nusu. Nusu ya pili ni kwamba mafuta ya giaboksi niliyachagua mwenyewe. Mvua za masika zilipokwisha niliona ni wakati wa kuyabadilisha. Kitabu cha gari kilikuja nalo kutoka Japani na kimeandikwa Kijapani, kwa hivyo nilichoweza kusoma humo ni namba. Niliona sabini na tano, nikaona na tisini, nikakata shauri kwamba hizo ni hesabu za watu wanaoendesha kwenye theluji. Duka la spea lilikuwa na mikebe ya aina mbili, mmoja wa mafuta mepesi wenye namba zile za kitabuni, mwingine wa mafuta mazito ulioandikwa mia na arobaini. Nilimweleza mwenye duka kwamba huku kwetu ni jua kali, mafuta mepesi yatageuka maji. Akasema nimenena, na akaupangusa vumbi ule mkebe mzito, ambao nadhani ulikuwa rafuni tangu duka lifunguliwe. Fundi wangu pia alikubali. Fundi wangu ni mtu mwema sana, hukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Nilirudi nyumbani nikamhadithia mke wangu jinsi nilivyowazidi Wajapani akili.

Kwa hivyo wiki ile sikuwa tayari kusema kwamba kosa liko kwenye mafuta. Nilikuwa tayari kufanya jambo lolote jingine.

Jumatatu niliamka mapema nikaliwasha gari nikaliacha lingurume dakika ishirini. Injini ilipata moto, majirani walipata moto, gia haikupata kitu. Usiku wa kuamkia Jumanne nililifunika gari blanketi kuanzia boneti hadi kioo, na asubuhi mke wangu akataka kujua ni sheria gani inayosema gari lifunikwe na yeye aachwe na kanga. Jumatano fundi akaniambia kwamba huko kwenye milima madereva wa malori huweka moto chini ya giaboksi. Au mimi ndiye niliyemwambia, na yeye akakubali. Nilichukua seredani ya mke wangu, jiko lake la makaa, nikatia makaa matatu yaliyokwisha kushika majivu, nikaisukuma chini ya gari kwa ufagio, nikalala kifudifudi kwenye mchanga nikawa napepea. Nikiwa katika hali hiyo dirisha lilifunguliwa juu yangu. Mama mkwe alimwita bintiye kwa sauti ya upole, akamwambia aniulize napika nini.

"Mama auliza wapika nini," alisema mke wangu. Wiki nzima hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuyatafsiri ya mama neno kwa neno. "Na mimi nauliza."

Asubuhi hiyo gia iliingia nusu, ikajitupa nje. Gari lilipiga kwikwi katikati ya barabara na mguu wa mama mkwe ukagonga mlango. Hakupiga kelele. Nilimwona kwenye kioo ameuma pembe ya buibui lake, macho yamejaa machozi, na nikajiona mtu mbaya sana. Haikuwa tena habari ya gia. Nilikuwa namuumiza mwanamke niliyetumia miaka kumi na minane kumheshimu.

Tuliporudi nyumbani alitoa uamuzi wake, na mke wangu hakuweza kuupamba. Jumamosi, akishafungwa kidonda, apelekwe moja kwa moja stejini apande gari arudi kwao. Takaungu kuna majani ya kidonda. Mke wangu alimsihi, akamkumbusha maneno ya daktari, akalia kidogo. Mama mkwe akasema majani hayana gia. Nikahesabu: angeondoka na nusu ya tiba, na mguu ukiharibika, aliyeuharibu ni mimi na mkebe wangu.

Alhamisi alfajiri nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri tutoke. Mke wangu alikuwa anamchana mamake na kumpaka mafuta ya nazi, yale aliyokuja nayo mwenyewe, maana kukamua mafuta ya nazi na kuyauza ndiyo kazi iliyomlea yeye na watoto wake. Kwa baridi ile yalikuwa yameganda chupani, meupe pepepe, na mke wangu alikuwa ameitumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto. Mama mkwe aliitazama chupa. Kisha akalitazama gari. Kisha akairudia chupa.

"Muulize mumeo, ndani ya hiyo gia mna mafuta?"

Nilisema yamo.

"Mazito au mepesi?"

Kiburi kikanipanda, nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba gari si nywele.

"Mwambie sijataja gari," alisema mama mkwe. "Nataja mafuta."

Mtu asidhani alikuwa mjuzi wa magari. Aliamini kwamba redio hula petroli, na kila tukipita kituo cha mafuta alimwagiza bintiye aizime ili tusilazimike kusimama. Ushauri wake wa kwanza siku hiyo ulikuwa tumwage yote tutie ya nazi, na nilimkatalia kwa adabu zote kupitia mkalimani. Lakini mafuta alikuwa ameyatazama maisha yake yote, msimu wa joto na msimu wa baridi, na hapo hakuna aliyeweza kumdanganya. Alimtuma mke wangu akanunue mkebe mdogo wa yale mepesi, akaagiza na mabaki ya mkebe wangu, na vikombe viwili vya kahawa.

Alasiri alivijaza vikombe vyote viwili, akaviinamisha kimoja kimoja juu ya sahani. Kwa joto lile yote mawili yalitiririka, yangu yakichelewa kidogo tu, nami nikamtazama mke wangu kwa jicho la mshindi. Mama mkwe alivijaza tena, akaviweka barazani, akavifunika kwa kawa na kuagiza visiguswe mpaka asubuhi.

Ijumaa baada ya sala ya alfajiri tulikusanyika barazani watu watatu, na baridi ikatuuma kisawasawa. Aliinamisha kikombe cha mafuta mepesi, yakashuka palepale. Akainamisha changu. Mafuta yangu yalikuja hadi ukingoni yakasita, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Alikishika hivyo hivyo kwa mkono wa kushoto, akaomba chai kwa mkono wa kulia. Akanywa. Akauliza habari za majirani. Alipomaliza chai, mafuta yangu yalikuwa bado njiani.

Nilimwomba mke wangu amwambie mama kwamba nimeona.

Baada ya sala ya Ijumaa nilimpelekea fundi lita mbili za yale mepesi. Alifungua nati ya chini, tukachuchumaa tukayatazama yale mazito yakitoka taratibu kwa dharau, na fundi akasema kwamba siku zote yeye aliamini mepesi ndiyo sawa. Nilimtazama sana. Jioni gia iliingia vizuri, jambo ambalo halikuthibitisha kitu, kwa sababu jioni iliingia vizuri tangu zamani. Mama mkwe naye hakusubiri uthibitisho. Nilipofika nyumbani nilikuta begi lake limefungwa, liko kando ya mlango.

Jumamosi mke wangu alikataa kuondoka kitandani. Alisema kichwa kinamuuma, huku anacheka, na kwamba kazi ya ukalimani imemchosha, leo ni likizo yake. Kisha akajifunika lile blanketi hadi puani.

Kwa hivyo tulikuwa wawili. Begi kwenye buti, yeye nyuma na mguu wake, mimi mbele, na kiti cha mke wangu kitupu. Nilimwamkia, akaitika. Tulipofika kwenye tuta nilijiandaa kama nilivyojiandaa wiki nzima, nikakaza meno, nikavuta gia ya pili kwa bega zima. Haikukataa. Ilishuka kama kijiko kwenye uji, na nguvu zangu zote zikakosa pa kwenda. Mkono ulipaa nyuma, kiwiko kikapita kati ya viti kikaugonga mkoba wa mama mkwe ukaanguka chini na vidonge vyake vyote.

Nilifadhaika vibaya. Ilinipasa kuomba radhi, na mtu wa kunipelekea radhi hakuwapo. Nilikigeukia kile kiti kitupu nikakiambia, "Mwambie mama, samahani."

Kiti hakikusema kitu. Nyuma nilisikia sauti ya mtu anayekohoa ndani ya buibui, akakohoa muda mrefu kupita kawaida, na kwenye kioo niliyaona mabega yake yakitikisika.

Kidonda kilisafishwa, kikafungwa. Muuguzi alisema kimeanza kukauka na itakuwa hasara kubwa kukiacha sasa, akayasema hayo mbele yetu sote wawili. Tukarudi garini. Nilikwenda hadi pale barabara inapogawanyika, mkono mmoja ukienda stejini na mwingine ukirudi Barani, nikasimama. Amri niliyopewa Jumatano ilikuwa stejini, na sikuwa na haki ya kuibadilisha. Lakini sikutaka kuitimiza. Nilikaa pale nimekanyaga klachi, najipangia maneno ya kumwomba abaki, na kila nilipoyapanga yalianza na "mwambie". Tuktuki mbili nyuma yangu zilianza kupiga honi.

"Mwanangu," alisema mama mkwe.

Niligeuka kuangalia ni nani anayeambiwa. Gari lilikuwa na mimi tu.

"Tia gia twende nyumbani. Kesho kuna kidonda."

Nilifurahi mno. Nilisema, "Ndiyo, mama," mwenyewe, kwa sauti yangu, nikaukamata mkono wa gia, na kwa kuwa ya pili ilikuwa rahisi kuliko zote siku hiyo, nikaitia hiyo hiyo badala ya ya kwanza na kuachia klachi mara moja. Gari lilipiga kwikwi moja likazima katikati ya barabara, tuktuki zikitupigia kelele.

"Hilo sasa," alisema mama mkwe, "si mafuta."