Meno Manne ya Impela

Ushawahi kumfungua mtu mdomo, ukakuta meno yake yote yapo, halafu ukakuta mengine manne yamemkwama kooni?

Mimi nimeona. Ila hakuwa mtu. Ilikuwa injini ya boti, na ndiyo hiyo iliyomuunguza mdogo wangu uso.

Kaeni mkao wa kusikiliza. Mwenye roho nyepesi aishie hapa hapa, sitamlaumu.

Mimi ni mwanamke na ni fundi wa injini za boti. Ndiyo, spana na grisi. Aliyenifundisha ni mjomba, kaka yake mama. Baba alipofariki, mjomba alitubeba wote watatu: mama, mimi na mdogo wangu. Akatupa nyumba yake ya uani tukae. Mimi akaniweka karakanani, mdogo wangu akampa boti ya abiria aendeshe.

Mjomba ana mkono mwepesi. Kosa dogo tu, kofi. Watu husema ndivyo ufundi unavyoingia. Kwangu uliingilia sikio la kushoto, na mpaka leo sikio lenyewe halisikii vizuri.

Sasa sikilizeni. Injini ya boti inapozwa na maji ya nje. Kuna pampu inayoyavuta, na ndani ya pampu kuna kigurudumu cha mpira chenye meno sita. Hiyo ndiyo impela. Maji yakikatika, mpira unajisugua mkavu, unaungua, meno yanang'oka.

Kuibadilisha si kazi ya kutisha. Unafunga koki ya maji, unafungua mfuniko wa pampu, unachomoa ya zamani. Mpya unaipaka sabuni, unaisukuma ndani huku unaizungusha ili meno yalale upande mmoja. Unafunga, unafungua koki, unawasha, unaangalia kama ekzosi, lile bomba la moshi, inatema maji. Maji ya chai hayajachemka, umeshamaliza.

Ila kwa mjomba kulikuwa na sheria moja. Impela ya zamani inalazwa juu ya kitambaa mezani. Kila jino lililong'oka linatafutwa na kupangwa mahali pake mpaka yatimie sita. Kama kuna lililopotea, linasakwa kwenye mabomba yote, hadi kwenye kipozeo. Kabla ya hapo injini haiwashwi, hata aje nani.

"Maiti haizikwi nusu," ndivyo alivyokuwa anasema.

Lile kofi la sikio nililipata kwa sababu ya jino moja.

Basi, siku ya tukio mdogo wangu yuko katikati ya maji, abiria wamejaa, injini ikaanza kuchemka. Akafunua kifuniko cha injini aangalie kulikoni. Bomba likapasuka. Maji ya moto yakampata usoni, shingoni na mkono wa kulia.

Boti ilivutwa na nyingine hadi gatini. Mjomba hakuuliza mdogo wangu ameumia kiasi gani. Alisimama mbele ya abiria akapaza sauti.

"Mjinga huyu hakuangalia maji ya ekzosi! Mtu kama huyu apewe punda, siyo boti!"

Watu wakacheka. Wallahi walicheka. Mdogo wangu akaamriwa aombe radhi kwanza ndipo apelekwe hospitali. Akaomba, ngozi ya shavu ikiwa imeanza kubabuka.

Kuanzia hapo vijana wa gatini wakampa jina. Birika.

Boti ikaletwa karakanani. Mjomba alikuwa anatoka kwenda kutafuta vipuri, akaniachia agizo.

"Badilisha bomba tu. Kingine usiguse."

Jamani, mtu akikwambia usiguse, mkono haukuwashi? Wangu uliwasha. Nikafungua pampu. Impela mpya, meno yote sita yapo, hata mkwaruzo haina.

Nikajiuliza, sasa maji yalikwama wapi?

Nikafungua kipozeo, ile silinda yenye mirija myembamba ndani. Nikamulika. Mlangoni mwa mirija kulikuwa na kitu cheusi. Nikakivuta kwa koleo. Jino. Nikavuta tena. La pili. La tatu. La nne.

Hayakuwa ya impela hii. Yalikuwa ya ile iliyotangulia, na ile iliyotangulia aliitoa mjomba kwa mkono wake, siku niliyokuwa kitandani naumwa na abiria wanapiga kelele waondoke. Niliporudi nilimuuliza ilitokaje. Akanijibu ilitoka nzima.

Nilikaa chini sakafuni. Nikayafunga yale meno kwenye kitambaa, nikayatia mfukoni.

Nikaenda kwa mdogo wangu.

"Hebu niambie. Siku ile kabla hamjaondoka, maji ya ekzosi yalikuwaje?"

"Yalikuwa yanadondoka kama mkojo wa mtoto, dada. Nikampigia simu mjomba."

"Akasemaje?"

"Akasema abiria hawakulipa nauli kuangalia ekzosi. Niondoke."

"Na wewe mbona hukusema?"

Akanitazama kwa lile jicho linalofunguka. "Nimwambie nani?"

Kesho yake kulikuwa na kikao cha manahodha, kuamua kama anyang'anywe leseni. Leseni ndiyo ilikuwa maisha yake. Tangu utotoni hakuwahi kutaka kitu kingine zaidi ya kushika usukani. Na mimi jibu ninalo mfukoni, limefungwa kwenye kitambaa.

Nikafanya jambo ambalo mtoto yeyote angefanya. Nikampelekea mama.

Alikuwa anapika. Nikamwekea yale meno kiganjani, nikamweleza mwanzo mwisho. Nilikuwa natabasamu kama mtoto aliyetoka shule na matokeo mazuri.

Mama aliyageuza geuza.

"Ni haya tu?"

"Ndiyo mama. Haya haya yanatosha."

Akainama, akayatupa kwenye mkaa.

"Mama!"

"Nyumba hii ya nani?" akaniuliza, hata sauti hakupandisha. "Kodi unalipa wewe?"

Mpira ukawaka moshi mweusi, ukanuka nyumba nzima. Nilichokonoa kwa mikono nikaungua vidole, nikaambulia masizi. Mama akaendelea kukoroga chungu.

Nilikwenda kikaoni hivyo hivyo, mikono mitupu. Mjomba, mama na mdogo wangu walikuwa wameshaketi. Mwenyekiti wa manahodha akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikasema yote: meno manne, simu, agizo la nisiguse kingine.

Mjomba hakutikisika.

"Hayo meno yako wapi?"

"Muulize dada yako. Ameyachoma jikoni."

Watu wote wakamgeukia mama. Mama akajifunga nguo vizuri begani.

"Mimi sijaona kitu. Huyu ana uchungu na mdogo wake, msameheni."

Mjomba akatikisa kichwa kama mtu anayesikitika sana. "Fundi anayenisingizia hawezi kugusa injini zangu. Funguo za karakana weka hapo mezani. Na nyumba yangu nitaihitaji."

Nikaitoa kamba ya funguo, nikaiweka mezani. Sikuwa naogopa tena. Afadhali tulale nje na jina la mdogo wangu liwe safi.

Ndipo mdogo wangu akasimama. Bandeji mpaka kidevuni.

"Dada anasema uongo," alisema. "Anataka kuniokoa. Mjomba hakunipigia wala sikumpigia. Ni mimi sikuangalia maji. Nilikuwa nachezea simu."

Ukumbi ukaguna. Leseni ikachukuliwa pale pale. Mjomba akanisukumia funguo zangu kwa kidole kimoja, mbele ya watu, kama anayemtupia kuku punje.

Nilimkamata mdogo wangu nje, nikamtikisa.

"Kwa nini? Kwa nini umejimaliza?"

"Mama alikuja kukaa kitandani kwangu jana," alisema. "Akaniambia lazima mmoja wetu aanguke. Akaniambia, wewe mkono wako umeshaharibika, wa dada yako bado mzima."

Nikamwachia mabega.

"Usiache kazi, dada," akaongeza. "Ukiacha nitakuwa nimejichafua bure."

Sijaacha. Asubuhi nafungua karakana, namwamkia mjomba shikamoo, anaitikia marahaba vizuri kabisa. Mdogo wangu anapakia mizigo gatini kwa mkono wa kushoto.

Funzo ni hili, ndugu zangu. Ukiokota ukweli unaomhusu ndugu, usianzie nyumbani. Upeleke kwanza kwa watu baki, wauone kwa macho yao, ndipo uende ukamwambie mama. Wanasema damu ni nzito kuliko maji, na mimi sibishi. Kitu kizito ndicho kinachoziba.