Amplifaya nzito kuliko kawaida

Leo nimembishia Baba dukani, mbele ya watu.

Tulifuata amplifaya ya hom thieta. Baba huchagua kwa kuinua: nzito ndiyo imara. Mimi nilitaka ya kidijitali, maana ni nyepesi na hula umeme kidogo, na sola yetu ingebakiza umeme wa taa ya kusomea.

"Hizo zikiungua, fundi hana la kufanya," akasema Baba. Kweli, hilo silipingi.

Muuzaji akatoa moja. "Hii ya kidijitali, mzee, na ni nzito."

Nzito kwa nini? Nikamwomba aifungue.

"Binti, unanishuku?"

"Samahani, mjomba. Fungua tu."

Ndani kulikuwa na kipande cha zege kilichobandikwa kwa gundi. Muuzaji akashtuka, au alijifanya.

Baba akaisukuma kando. "Lete ya kidijitali iliyo nyepesi," akasema. "Nayo ifungue."

Wenye amplifaya za kidijitali nyumbani, zinadumu kweli?