Salamu za Method

Enzi zetu televisheni ilikuwa na mwenyewe. Siyo hizi zenu, kila mtu na yake mfukoni, nyumba nzima kimya utadhani wamegombana. Pale mtaani kwetu Temeke televisheni ilikuwa ya Ami Nasoro mwenye duka, Mwarabu wa watu, mpole, ila mkewe Bi Zuhura alikuwa hataki mchezo. Ukitaka kuangalia, unaosha miguu bombani, unatoa shikamoo inayosikika, unakaa mkekani kule sebuleni nyuma ya duka. Mwenye kikohozi anakaa mlangoni. Picha yenyewe ilikuwa na chenga tupu, na bado tulishangilia mpaka matangazo ya sabuni.

Nakumbuka jioni moja hapakuwa na pa kukanyaga. Method wa mtaani kwetu alikuwa anatoka kwenye tivii! Method huyu huyu mnayegombania kumwona jukwaani akipiga roki yake, sie tulimjua akiwa na gitaa la kuazima na suruali iliyochanika magotini, tena wakati huo suruali ikichanika ni shida, siyo fasheni. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katoka Bukoba na Biblia yake na fimbo yake, na alitaka mtoto aende chuo cha ualimu. Mtoto kasema yeye ni gitaa tu. Mama akamwambia mbele ya kadamnasi, "Ukitoka na hilo dude, usinitambue." Method akatoka nalo, akaenda kuishi Kinondoni na wenzake wa bendi. Basi, ikawa kimya. Jamani, Temeke na Kinondoni! Siyo Temeke na Ulaya! Mtu na mwanawe wakakaa wamenuniana, kila mmoja anasubiri mwenzie aanze.

Sasa nyie vijana hamjui salamu ilikuwa kitu gani. Enzi zile mtu akishikishwa maikrofoni haiachii hivi hivi, lazima asalimie. Anaanza na wazazi waliomlea, anashuka kwa mjomba, shangazi, mpaka jirani aliyewahi kumpa uji. Mwanao akisalimia akakuruka, mji mzima umesikia kwamba umerukwa. Kwa hiyo wimbo wala haukutuhusu. Mtaa mzima tulibanana pale tukisubiri jambo moja tu: atamtaja mama yake, au hamtaji?

Na Mama Method mwenyewe akatokea. "Mie nimefuata chumvi tu," akasema, na hakuna aliyemuuliza. Akapewa chumvi yake. Akabaki kasimama nayo mlangoni.

Method akaimba. Niseme akapiga makelele, maana roki sie tulikuwa hatuijui, tulizoea dansi la kistaarabu lenye tarumbeta. Anatikisa kichwa, nywele timtim, gitaa linalia kama linakanyagwa. Bi Zuhura akashika kifua. "Mtoto huyu kapandwa na mashetani?"

"Hana shetani yeyote," Mama Method akajibu kwa ukali kule mlangoni. "Ni nywele tu."

Wimbo ukaisha. Mtangazaji akamuuliza kama ana salamu. Method akafuta jasho, akaangalia chini, akasema, "Kwanza kabisa, salamu zangu za dhati zimfikie..."

Umeme ukakatika.

Tulipiga ukelele mmoja! Ami Nasoro akawa analigonga lile litivii kana kwamba kosa ni lake. Mama Method akasubiri, akasubiri, na mgao wa siku zile haukuwa na haraka na mtu. Mwisho akasema chumvi yake italoa, akaenda zake.

Kinachoniudhi mpaka leo ni hiki: hakumuuliza mtu! Ubungo kule umeme ulikuwepo, watu waliona. Lakini kila aliyeona alidhani mama naye kaona, sasa amsimulie nini? Naye mama alikuwa na kiburi cha ualimu, afe kuliko kuuliza kama mwanawe kamtaja. Method akapata jina, akazunguka nchi za watu, akamjengea mama yake nyumba Mbweni, nyumba ya maana. Anakuja Krismasi, anakaa kwenye ncha ya kochi kama mgeni aliyeleta kadi ya mchango, anaaga. Siku moja Mama Method aliniambia, "Nyumba kanijengea. Lakini siku ile hakunitaja." Na Method nimemsikia kwa masikio yangu redioni akisema alimwomba mama yake radhi mbele ya nchi nzima, akanyamaziwa. Nikasema, huyu naye muongo.

Juzi binti yangu Neema kaja na simu. "Mama, wameposti ile ya Method ya kwanza kabisa! Ngoja nikurukishe salamu, twende kwenye wimbo wa pili."

"Rudisha!" Nilimfokea mpaka paka akakimbia. Akarudisha. Nikasikia neno "mama", nikamnyang'anya simu nikaizima. Haikuwa haki mie nitangulie kusikia.

Siku hizi mtoto anamposti mama yake mtandaoni, maua juu, maua chini, "nakupenda malkia wangu," na malkia mwenyewe yuko jikoni anamenya vitunguu, hana habari. Nawacheka, halafu nakumbuka kwamba sie tuliojua kusalimia tulimwacha mama wa watu akae miaka yote ile hajui.

Kesho yake tukaenda Mbweni. Mama Method macho yamechoka, akaisogeza simu mpaka inataka kugusa pua. Kijana mwenye nywele timtim akafuta jasho, akaangalia chini.

"Kwanza kabisa, salamu zangu za dhati zimfikie mama yangu mzazi, popote alipo pale Temeke. Mama, shikamoo. Nimekosa. Ukiniruhusu, nirudi nyumbani."

Wimbo mwingine ukaanza. Neema akaizima. Mama Method akafunga vizuri kitenge chake kama mtu aliyepata mgeni.

"Marahaba, baba," akaiambia ile simu. "Umeme ulikatika."